Misumari Kumi na Mitatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwanangu wa kwanza anakuja Jumapili. Miaka sita sijamtia machoni. Analeta mke, na kibinti ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Ndugu zake watatu nao watakuja. Raha tupu, ila makalio yote hayo yatakaa wapi? Nina vigoda viwili. Kimoja kinang'ata.

Safari iliyopita wote waliishia kwa wifi yangu, ng'ambo ya ua, kwa kuwa ana viti. Wakala huko, wakacheka huko, wakasinzia huko. Mimi na sufuria langu tukabaki kutazamana. Safari hii hapana.

Nina gogo la mkangazi lililoangushwa na upepo mwaka jana. Nataka ubao mmoja mnene niutie miguu, uwe benchi la ukoo mzima. Mpasua mbao anakuja kesho na mashine. Ana sharti moja tu: gogo lisiwe na msumari.

Nimeitikia upesi mno.

Jumanne, tarehe 4

Mpasua mbao aliuliza mara tatu. Nikasema mti wangu ni safi kama maziwa. Kwa macho misumari haionekani hata mmoja, kwa hiyo si uongo sana.

Niliipigilia zamani, nilipokuwa sijui kuandika. Mtoto akianza kusimama, namwegemeza kwenye shina, msumari juu ya kichwa. Akiota meno ya pili, mwingine. Akinipita bega, wa mwisho. Mti ukanenepa, ukaimeza yote.

Nikatandika khanga penye misumari, nikakalia. Akaniomba nipishe. Nikasema kiuno kimekamata. Akanibeba na kiuno changu, akaniweka kando.

Mashine ikalia vizuri, halafu ikalia vibaya. Meno ya msumeno yakaruka kama bisi. Akanionyesha msumeno ulivyobaki kibogoyo, akauliza hiki ni nini. Nikamweleza kwamba mti ukizeeka hufanya mawe, kama figo. Akafunga vyombo vyake, akaondoka bila kuaga.

Wifi alikuwa ameshaning'inia juu ya ua. Akasema nisijali, Jumapili niwapeleke kwake, viti vipo. Namwombea kila la heri, na upele kidogo.

Jumatano, tarehe 5

Nimefungua redio ya mjukuu wangu, huyu ninayeishi naye, aliyenifundisha herufi. Alikuwa shule. Nimetoa sumaku. Naipitisha juu ya gogo. Ikinata, patasi na nyundo. Hadi jioni nimeng'oa kumi na mmoja. Pamoja na ule uliong'oa meno ya msumeno, kumi na miwili. Watoto wanne, mitatu mitatu.

Umebaki mmoja, chini kabisa. Mtoto wangu wa tano alisimama vizuri, tena kwa maringo. Meno ya pili hakuyaota. Nimeuacha ulale.

Mjukuu karudi, kaulizia redio. Nimemwambia ina homa.

Alhamisi, tarehe 6

Mpasua mbao hapokei salamu zangu. Nikamtuma mjukuu akaseme Bibi anakata roho.

Akaja mbio, kofia mkononi. Akanikuta juu ya ngazi naziba paa. Akauliza si nilikuwa nakufa. Nikasema nilikuwa, nimepata nafuu. Akaketi chini, akacheka hadi akakohoa. Basi nikamweleza yote, nikamwagia misumari kiganjani. Akauliza kama imekwisha. Nikasema imekwisha. Hakuniamini, mtoto mwenye akili. Akachukua sumaku mwenyewe.

Ikanata pale chini. Nikamwambia huo ni wa nani.

Akatoa chaki, akapiga mstari mbali na msumari. Akasema, "Bibi, ubao tutautoa mnene upande huu. Huyu atabaki humo humo."

Nimempa chakula cha watu wawili, nikamgombeza alipoacha mfupa.

Ijumaa, tarehe 7

Amepasua, kwa msumeno mwingine. Harufu ya mbao imejaa hadi chumbani. Ubao mwekundu, hatua tano kwa urefu. Alionya kwamba haujakauka vizuri, utapinda. Nikamwambia hata mimi nimepinda na wajukuu bado wananikalia. Akautia miguu minene.

Halafu akaukagua mkangazi wangu mdogo, nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeufunga waya wa kuanikia nguo, umezama kwenye gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Akaukata waya. Tawi kavu nalo akalikata karibu na shina, ili kidonda kifunge. Akasema chuma huufungulia uozo mlango, kisha akaniapisha: chuma kisiguse mti huu tena. Nikaapa, mkono kifuani. Nikamwalika Jumapili.

Jumapili, tarehe 9

Benchi limejaa. Wanangu wanne, mkwe, mpasua mbao, na wifi, aliyesema anapita tu, akakaa katikati na kuongezwa mara mbili. Mimi nimekaa mwisho, upande wa msumari. Linaelemea kidogo. Hajaanguka mtu ila wifi, tena mara moja.

Baada ya kula kibinti cha mwanangu kikatambaa hadi nyuma ya jiko. Kikaushika mkangazi mdogo, kikasimama. Peke yake, magoti yakitetemeka, uso wa kiburi. Nimewahi kuuona uso huo.

Mjukuu alikuwa nami. Akasema haraka, "Bibi, andika kwenye daftari, si siku hizi unajua?" Nikamwambia daftari huloa, na mchwa hawasomi, wanakula tu. Nikamtuma nyundo.

Tulipokuwa tukigonga, mpasua mbao akauliza kutoka kwenye benchi, mdomo umejaa, ni nini hicho huko nyuma.

Nikamjibu ni ndege, kigong'ota. Mwaka huu wamekuwa wengi.