Mwongozaji wa Walimu wa Bwera

"Mlima huu," alisema Nobert, akiunyooshea kidole mlima ambao siku hiyo mawingu yalikuwa yameumeza wote, "unajulikana na wawili tu hapa Kasese. Mungu aliyeuweka, na mimi niliyeupanda. Na Mungu mwenyewe aliuweka tu, hakuupanda."

"Angeupandia nini," akajibu Bwambale, "na alikuwa tayari juu."

Hakuna aliyeshtuka. Pale kwenye kibanda cha chai cha Afande Aryemo, hatua chache kutoka daraja la mto Nyamwamba, Nobert alikuwa ameupanda mlima huo mara nyingi, zote akiwa amekaa. Ndiyo maana walimbatiza Kilele. Mwenye kibanda alikuwa koplo mstaafu kutoka kaskazini, mama aliyeletwa Kasese na jeshi, akapapenda, akarudisha bunduki na kushika birika, ila sauti hakuirudisha. Mteja wa Afande hakaribishwi, anaamriwa.

Kilichowasha moto asubuhi ile ni redio. Mtangazaji alisema kuna bibi wa Kizungu, mwenye wajukuu na goti la chuma, aliyepanda Rwenzori mpaka kwenye barafu na kushuka kwa miguu yake mwenyewe. Alipofika chini akauliza: mbona huko juu hakuona mwenyeji hata mmoja, isipokuwa wale waliombebea mizigo?

"Swali gani hilo," alisema Bwambale. Huyu walimwita Mafuriko, tangu mwaka ule mto ulipofura ukaondoka na choo chake kizima, mlango umefungwa kwa kufuli. "Mwenyeji apande kufuata nini? Maji ya huko juu yanashuka yenyewe kututembelea. Yakija, yanaingia mpaka chumbani bila hodi. Mimi choo yangu imetalii kuliko nyinyi wote. Sasa hivi iko Ziwa George, watu wa Kahendero wanaitazama wanafikiri ni kiboko."

"Bazungu beko na akili yao," alisema Muhamood, mtu wa Bwera, mfanyabiashara wa vitenge anayevuka mpaka wa Kongo mara nyingi kuliko jua, na kama jua, bila kuonyesha karatasi. Jina lake la benchi ni Duwani, yaani forodha kwa Kiswahili cha Kongo. "Mutu anatoka kwake, eko na gari, eko na kiti ya kukaa. Anakuja huku kutafuta matope. Anachoka, analia, anapiga foto ya kulia yake. Njo bale banaita mapumziko."

"Juzi mmoja alikuja kwangu," Mafuriko aliendelea. "Akapiga picha ile jiwe kubwa iko karibu na mto. Anasema, nzuri sana, nzuri sana. Nikamwambia, mama, hapo ilikuwa jiko. Akarudi nyuma kidogo, akapiga tena, jiko ionekane vizuri."

"Na kule kwenye mstari wa ikweta," alidakia Nobert, "wanasimama mguu huku, mguu kule, wanacheka kama wameshinda kitu."

"Ng'ombe zangu zinavuka hapo kila siku kwenda majani," alisema Mafuriko. "Hakuna mtu amezipigia makofi."

"Kunywa chai, raia," alisema Afande, akigonga vikombe vitatu mezani. "Maneno mingi, chai inapoa. Kilele, wewe leo unachekacheka nini? Kama mtu ameiba kuku."

Nobert hakuwa ameiba kuku, lakini alikuwa na jambo. Aliwasogelea akashusha sauti. Madam Kansiime, yule mama mwenye ofisi mpya ya kutembeza wageni, alikuwa na msafara siku ya Jumamosi. Walimu wa Bwera, waliosikia habari za bibi wa goti la chuma wakaona aibu, walitaka kupanda mpaka kambi ya kwanza, nao wapige picha. Madam alikuwa akitafuta mwongozaji, na Nobert alikuwa amemwambia kwamba mwongozaji ameshapatikana.

"Nani?" aliuliza Mafuriko.

"Mimi."

Hata birika liliacha kutoa mvuke.

"Anakuja hapa sasa hivi," Nobert aliendelea haraka. "Anasema cheti kinanunuliwa sokoni, benchi halinunuliki. Anataka kusikia kwa watu ninaokaa nao. Ndugu zangu, mnajua habari yangu na Lillian."

Waliijua. Baba yake Lillian, katekista wa Karusandara, mtu wa maneno machache na shamba kubwa la mpunga, alikuwa amepeleka jibu lake wazi: binti yangu haolewi na benchi. Mwanamume alete kazi yenye jina, ndipo alete wazee. Pikipiki ambayo Nobert alibebea abiria ilikuwa imelala kwa fundi tangu Pasaka, na Lillian alikuwa amemwambia hatangoja Pasaka nyingine.

"Basi tukuulize sisi kwanza," alisema Duwani. "Asikukute uchi. Ulifika kwa barafu?"

"Nilifika."

"Iko namna gani?"

"Nyeupe."

"Hata chumvi iko nyeupe."

"Nyeupe ya kuumiza macho. Unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Ukimimina chai, inafika kikombeni imekuwa jiwe. Nilisimama pale kileleni, mguu mmoja Uganda, mguu mmoja Kongo."

"Kongo?" Duwani aliweka kikombe chini. Hapo sasa walikuwa wameingia kwenye taaluma yake. "Na ulikuta wanaume wa forodha?"

"Hakuna mtu kule."

"Hakuna mutu? Hata mumoja wa kuomba ya soda?" Alimgeukia Mafuriko kwa huzuni. "Huyu hakufika Kongo. Mimi nimevuka mule mwote, porini, mtoni, usiku, na mvua. Hakuna fasi ya Kongo haina mutu wa kuomba ya soda."

"Mimi siapi uongo," alisema Afande. "Mama akiuliza, nitasema kitu nimeona. Nimeona wewe unakaa. Kukaa unakaa vizuri."

"Afande, mama yangu."

"Mimi si mama yako. Mama yako alizaa mtu wa kusema."

Nobert alimeza chai ya moto bila kuisikia. Alichokumbuka kuhusu mlima kilikuwa kifupi, na sehemu kubwa yake ilikuwa gizani chini ya blanketi. Lakini mdomo wake haukuwahi kumwangusha. Ng'ombe hunaswa kwa kamba, mtu kwa ulimi wake, wazee walisema. Nobert siku zote aliamini wazee hao walikuwa na ulimi mzito.

Madam Kansiime akatokea upande wa darajani, mwavuli mkononi, kofia ya jua kichwani, amejiandaa kwa hali zote za hewa isipokuwa uongo. Nyuma yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana na mabuti ya mpira, amejitwika sufuria kubwa.

"Huyu ni Rusi, mpishi wetu wa mlimani," alisema Madam. "Ametoka vijiji vya juu kabisa. Rusi, tua upumzike."

Rusi aliitua sufuria, akawapa salamu za jumla, akageukia jiko la Afande kuomba moto wa kuanzia. Wanawake hao wawili wakaelewana palepale kwa lugha ya kuni.

"Basi," Madam alisema, "niambieni juu ya Nobert."

Mafuriko alikohoa. "Madam, huyu mlima ni kama damu yake. Hakuna siku inapita hajaupanda. Akianza kuupanda, sisi wote tunachoka."

"Hata mvua haimuzuie," Duwani aliongeza. "Nimemuona na macho yangu, mvua inapiga, yeye anapanda tu. Mpaka alipofika kilele njo alinyamaza, na alifika kilele saa ya kulala."

Madam aliandaa tabasamu. "Na mama mwenye kibanda?"

"Ni mtu wa nidhamu," alisema Afande bila kugeuka. "Ukimwambia kaa, anakaa."

Nobert alihesabu kura, akaona ameshinda. Alisimama, akavuta shati. Kwa mbali, akilini mwake, alimwona katekista wa Karusandara akimfungulia lango.

"Vizuri," alisema Madam. "Sasa nionyeshe kidogo. Walimu wako kwenye ile njia ya mteremko, kambi iko nyuma yenu, mvua imenyesha, mawe yanateleza. Mmoja anaanza kuogopa. Unawaambiaje?"

Hili Nobert hakuwa ameliwazia, lakini alipofungua mdomo alishangaa kuona maneno yako tele, yamepangwa yenyewe, kama yalikuwa yakimngoja. Alinyoosha mkono mbele, akafumba macho kidogo, na sauti ikamtoka tulivu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Polepole, wazee wangu, polepole. Shika kushoto. Hapo kuna jiwe, limeota kuvu, msilikanyage. Wewe wa nyuma usisukume. Mzizi huo, mzizi huo. Haya, sasa kulia, njia inashuka. Inua kidogo."

Mafuriko alisahau kucheka. Hata Duwani alikuwa amekaa sawa. Ilikuwa kazi nzuri, na kila mtu aliiona.

"Inua nini?" aliuliza Madam.

Nobert alifumbua macho. "Nini?"

"Umesema inua kidogo. Walimu wainue nini?"

"Moyo," alisema Nobert. "Wainue moyo."

Pale jikoni Rusi alikuwa ameacha kupuliza moto. Aligeuka taratibu, kijinga cha moto mkononi, akamtazama Nobert kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anayemtafuta ndugu kwenye umati.

"Sema tena," alimwambia.

"Niseme nini, mama?"

"Hiyo ya mzizi."

Nobert hakusema. Ilikuwa mara ya kwanza benchi hilo kumsikia hasemi.

"Sura siijui," Rusi aliwaambia wengine. "Sura sikuiona. Lakini sauti hii ilinikaa kwa masikio mwezi mzima. Nyinyi watu wa chini mna gari la wagonjwa. Sisi huko juu tuna machela, mtu akiumia kijiji kinambeba begani. Siku hiyo wanaume walikuwa wachache, nikashika mti mmoja wa nyuma. Kijana alikwenda kubeba mizigo ya wageni, hata kambi ya kwanza hakufika. Buti likazama kwenye matope, akasema mguu umevunjika."

"Ulikuwa umeteguka," alisema Nobert, kisha akatamani aurudishe mdomo wake mahali pake.

Mafuriko alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika.

"Ulikuwa mzima kama huu wangu," alisema Rusi. "Njia nzima alikuwa amejifunika blanketi machoni kwa sababu ya mvua; tulipofika senta, pale madukani, akalivuta mpaka kidevuni, wasichana wasimwone. Watu wakadhani ni maiti. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja akaanza kulia, tena sisi tukaona haya kumwambia, tukampita hivyohivyo analia."

"Kumbe walikubeba na tipoi, ile kiti ya begani, kama shefu," Duwani alimwambia Nobert kwa heshima mpya. "Na hukutuambia."

Madam Kansiime alikuwa amefunga mwavuli wake, ameushika kama fimbo. Kwa Nobert lango la Karusandara lilikuwa limekwisha kujifunga, komeo na yote.

"Nobert," alisema Madam, "ni kweli maneno haya?"

Afande alimjibia. "Raia, jibu mama."

"Madam, usimkasirikie," alisema Rusi, akirudi kuchukua sufuria yake. "Mchukue. Kwa kuongoza sina ugomvi naye. Amelala chali, amefunikwa macho, na njia nzima hakukosea jiwe hata moja. Shika kushoto, usisukume, inua kidogo. Tulifika chini bila mtu kuteleza. Wewe tafuta tu watu wanane wa kumbeba."