Mlango wa Garaji wa Mabanga

Jumatano, 19 Mei 2021

Resori ya mlango wa garaji imekatika asubuhi hii. Ya kushoto. Nilikuwa nafungua nitoe gari, niende kazini mpakani. Mlio wake ni wa bunduki kabisa, na kambi ya jeshi ya Katindo haiko mbali na mtaa wetu wa Mabanga. Avenyu nzima ikalala chini. Mama muuza mikate akalala juu ya mikate yake. Mimi pia nililala, ingawa mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichotokea. Mazoea.

Mji wa Goma uko chini ya amri ya jeshi tangu mwanzo wa mwezi, kwa hiyo doria ikafika upesi. Askari mmoja akauliza nani amepiga. Nikamwonyesha resori: chuma kilichojisokota kama nywele za salon, kazi yake kusaidia kuinua mlango mzito. Akaigeuzageuza. Akasema wanaichukua kwa uchunguzi. Wakaondoka nayo. Sasa sina hata kipande cha kumwonyesha muuzaji.

Mke wangu Donatille akasema heri mlango huu ungebaki ulikotoka. Ulitoka kwenye nyumba ya zamani ya Wabelgiji kando ya ziwa, iliyokuwa ikibomolewa. Bati moja la chuma linalopanda hadi darini. Nimelipaka rangi ya ukuta ili anayepita asijue kuna gari. Nilimkumbusha mwaka 2012, waasi walipoingia mjini, jinsi watu wenye silaha walivyoondoka na gari langu la kwanza uani. Akajibu kwamba lile gari halikuwa na betri na walilisukuma. Si hoja.

Alhamisi, 20 Mei

Henri amekuja bila kuitwa. Ni jirani wa upande wa kulia, mtu wa Butembo, ana duka la vyuma. Pia ni shefu wa avenyu, yaani mkuu wa barabara yetu, cheo ambacho mimi nilistahili. Alikipata kwa kucheka na watu.

Akaangalia mlango, mikono nyuma. “Papa Viateur, resori zinabadilishwa zote mbili pamoja. Moja ikikufa, ya pili nayo imeshachoka. Na usiziguse mikono mitupu, zinakata vidole.” Akasema anazo dukani. Anaziuza mbili mbili.

Nikamshukuru kwa ubaridi. Mtu anayeuza resori atasema nini kingine?

Nina mpango wangu. Nimeshuka Kituku, kando ya ziwa, wavuvi wakanipa kapi ya kupitishia kamba. Waya utatoka kwenye mlango, upande wa kushoto, upite juu ya kapi, utokee kwenye tundu la ukuta, na kwa nje utaning'inia mfuko wa mawe. Mawe yakishuka, mlango unapanda. Mawe ya volkano hapa Goma ni bure. Mlima unatuletea wenyewe.

Ijumaa, 21 Mei

Umefanya kazi. Nilivuta kidogo kwa kidole, mlango ukapanda kwa upole. Resori ya kulia inanung'unika, lakini hata mimi nanung'unika na bado natembea.

Mama mkwe, Mama Nyiramahirwe, aliletewa kiti aone. Tunaishi naye tangu vita vimtoe Rutshuru. Miguu yake imevimba, hawezi kufika hata kanisani. Alitazama mlango ukipanda, ukishuka. Nikamwuliza anaonaje.

“Mukwe wangu,” akasema, “mimi nimekimbia tangu niko musichana. Nimekimbia na mbuzi, nimekimbia na sufuria. Sijawahi kukimbia nikingojea mulango.”

Sijui alimaanisha nini. Kumsalimia tu Henri juu ya ukuta jioni kulinipa furaha. Kisha mvua ikaanza.

Jumamosi, 22 Mei, mchana

Mawe ya volkano yana matundu. Yanakunywa maji. Sikufikiria hilo.

Mfuko ulinyeshewa usiku kucha, ukawa na uzito wa ng'ombe. Asubuhi nilipofungua komeo, upande wa kushoto uliruka juu, wa kulia ukabaki chini. Resori ya kulia ikakatika. Mlio uleule. Avenyu ikalala chini tena. Mlango umekwama upandeupande katika reli zake, kama picha iliyotundikwa vibaya, na pengo lililobaki hapo chini ni la kupita kuku. Gari liko ndani.

Doria ilikuja. Yule yule askari. Alinyoosha mkono tu, nikampa resori.

Jumapili, 23 Mei

Jana jioni mbingu zikawa nyekundu upande wa Munigi. Kwanza tulidhani ni moto wa nyumba. Halafu mtu akapita akikimbia, akisema mlima umepasuka. Barabara ikajaa: magodoro, watoto, televisheni juu ya vichwa. Wote kuelekea mpakani.

Nilivuta mlango. Donatille akavuta nami. Hakuna. Alikuwa analia na kuvuta, sijawahi kumwona hivyo. Henri akasimamisha gari lake mbele yetu, wanawe wamebanana nyuma. Akashuka. Akambeba Mama Nyiramahirwe, akamweka mbele, Donatille akajibana na watoto. Wakaenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Mimi nilisema nabaki kulinda. Kulinda nini, sijui. Niliketi mbele ya mlango nikitazama ule wekundu. Niliogopa sana. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Moto wa mlima ulisimama kabla ya uwanja wa ndege. Wamerudi leo. Wako watu wa Munigi na Buhene ambao hawana pa kurudi. Henri akaniuliza kama nilipata usingizi. Ni swali la dharau.

Jumanne, 25 Mei

Ardhi inatikisika usiku na mchana. Sahani zinatembea mezani. Kila tetemeko linazidi kubana mlango. Mchana ukuta wa garaji umepata ufa ambao mkono unaingia.

Henri amekuja na kriki, jeki ya kuinulia gari lake. Anataka kuiweka chini ya mlango na kuuinua pole pole, sasa hivi, kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Nikamwambia kriki itapinda ukingo wa chini, na rangi itabanduka. Akaigusa rangi kwa ukucha. Akasema rangi nyingine anayo dukani.

Nimekataa. Nalainisha reli kwa mafuta ya mawese. Fizikia itafanya yaliyobaki.

Ijumaa, 28 Mei, Sake

Naandika nikiwa kwenye sakafu ya shule. Nitaeleza yalivyokuwa, bila kupamba.

Jana alfajiri ilitangazwa kwamba mlima unaweza kupasuka tena, chini ya mji wenyewe, watu watoke. Henri alikuja mbio. Akasema nafasi mbili zipo, kama ile Jumamosi. Donatille alishafunga kitambaa kichwani. Mama alishavaa viatu.

Mimi nikasema ahsante, tuna gari letu, mlango uko karibu kufunguka. Nilisema hivyo mbele ya majirani. Henri akasema, “Papa Viateur, leo si siku ya mulango.” Nikarudia kwamba tuko sawa. Alingoja hadi watoto wake walipoanza kulia. Kisha akaondoka.

Mlango haukufunguka. Nilipiga nyundo, nilipiga teke, nilisali. Jua lilikuwa limepanda Donatille alipotoka barabarani na kurudi na mtu wa chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo. Tukamketisha Mama juu ya gunia la maharage, tukamfunga kwa kitenge asianguke. Mimi na mwenye chukudu tulisukuma. Safari yote hadi Sake, kilomita zaidi ya ishirini, katikati ya watu wengi kuliko niliowahi kuona. Mvua ilitupata njiani. Hapakuwa na mahali pa kujificha, Mama akalowa mpaka mifupa. Hakulalamika. Kila nilipomwomba radhi alinyoosha mkono mbele, kuonyesha njia.

Donatille hajasema nami tangu jana.

Jumanne, 1 Juni, Sake

Mama anakohoa. Muuguzi amesikiliza kifua, akasema ni baridi iliyoingia, asilale tena kwenye saruji. Mama mmoja wa parokia amempa kitanda nyumbani kwake. Donatille yuko naye. Mimi bado niko shuleni.

Nilipompelekea uji, Mama alikuwa ananong'ona majina ya mahali alipowahi kukimbilia. Sake ilikuwa ya mwisho. Aliyataja polepole, kama mtu anayesali rozari. Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya nyumba kitambo.

Jumanne, 8 Juni

Wametuambia tunaweza kurudi. Nimerudi peke yangu nichukue gari, niwaendee.

Henri alinikuta mbele ya mlango. Akaleta kriki. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Akaiweka, akazungusha, mlango ukanyooka, ukapanda. Hata chai isingewahi kuchemka. Rangi haikubanduka. Gari limekaa pale, zima, limefunikwa vumbi la ukuta.

Henri hakucheka. Heri angecheka.

Jumamosi, 12 Juni

Nimetoka Sake. Mama hawezi kusafiri bado. Pumzi yake ni fupi, mkono wake mwepesi kama karatasi. Ameniuliza kama gari limepona.

Donatille alinisindikiza hadi barabarani. Alizungumza nami, kwa mara ya kwanza tangu tukimbie. Aliniomba kitu kimoja. “Toa ule mulango, Viateur. Acha garaji wazi. Siku Mama akipata nguvu, nataka kukuona unafika mara moja.” Nikaahidi. Nilikuwa na machozi, na niliahidi kwa moyo wote.

Jumatano, 16 Juni

Nimefikiria sana ombi la Donatille.

Kuacha wazi haiwezekani. Watu wanasema waasi wanaonekana tena milimani upande wa Rutshuru. Leo ni uvumi, kesho ni mtu uani na bunduki. Donatille ni mwanamke mwenye akili, ataelewa akiona. Alichotaka hasa ni mlango unaofunguka haraka.

Nimepata resori za lori lililoungua barabara ya Munigi. Nene kama mkono wangu. Nimezifunga nne. Henri alichungulia juu ya ukuta, akaingia ndani na kuwaita watoto wake waingie pia.

Donatille amepiga simu saa hizi. Mama ameamka vizuri leo, amekula, daktari ameruhusu. Niende kuwachukua mara moja, kabla mvua haijaanza. Nimesema niko njiani. Nitajaribu mlango mara moja tu kwanza. Gari nimeshaliingiza ndani, lisipate vumbi.