Kuhusu Uamuzi Wangu wa Sebuleni Kutupwa kwa Kukosa Saini

Mheshimiwa Hakimu,

Natumaini hujambo, na kalamu zako hazijambo. Mimi ni shangazi wa wale mafundi seremala wawili, ndugu wa tumbo moja. Juzi uliutupa uamuzi wangu kwa sababu makubaliano ya kunifanya msuluhishi hayakuandikwa. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Vijana hawa walishindwana kazini. Wakaja wenyewe sebuleni kwangu wakasema, "Shangazi, tumekukubali. Utakalosema ndilo la mwisho." Nikaamua: mkubwa abaki na karakana, mdogo achukue mashine ya kuranda akaanze kwingine. Mdogo akashukuru, akamaliza chai yake, akaja moja kwa moja kwako. Nawe ukampokea.

2. Karani wako alinieleza kwamba hata ujumbe wa simu ungetosha, mradi uonyeshe tulichokubaliana. Kumbe kidole gumba kina heshima kuliko ulimi. Nikamwonyesha ujumbe wa mdogo: "Sawa shangazi." Akaniuliza, sawa ya nini? Amesoma, huyo.

3. Sasa mlango wa karakana una kufuli mbili, kila ndugu na yake, na hakuna anayeingia. Ndani kuna kitanda cha bibi harusi, hakijatiwa miguu. Ndugu wanapishana njiani kama hawajuani, na wifi yangu, mama yao, chakula hakimpiti kooni. Lakini sheria imeshiba.

4. Mume wangu aliahidi kunitunza kwa mdomo tu, tumesimama kwenye foleni ya zahanati. Sina saini yake. Nieleze kama nimfukuze leo au ningoje hukumu.

Kwa hiyo naomba karani mwenye muhuri aje akae sebuleni kwangu moja kwa moja, ili mgeni akikaribishwa chai tuandikiane kwanza. Asiwe mlaji sana.

Wasalimie wazee wa baraza, karani wako na wote nyumbani, kama mna kibali cha maandishi cha kusalimiwa.

Wako mwenye ulimi usiotambulika,
Shangazi

Nyongeza: Fundi mkubwa amefika sasa hivi na mbao zake, anadai nilimwahidi chumba cha uani. Ni kweli nilisema, tena mbele ya mama yake, ila nimeshampangisha mtu mwingine. Tafadhali nitumie haraka nakala ya hukumu yako yenye muhuri, ile sehemu ya maandishi na saini. Nimeifikiria upya, naona ina busara sana.