Uso wa Bibi Mwanabaraka, Mali Namba 212

Kwa heshima na taadhima naujulisha umma kwamba Makumbusho ya Ukili na Mikeka, Bagamoyo, sasa yanamiliki uso. Umesajiliwa kwa Namba 212, na mwanasheria aliyeusajili ni mimi. Kazi ilikwenda vizuri mno.

Uso wenyewe umo katika picha ya mwaka 1978: msichana wa miaka kumi na tisa anasuka ukili. Picha hiyo tunaiuza kwenye kadi, vikombe na fulana, na mishahara yetu inatoka humo. Tatizo lilikuwa moja tu. Mwenye uso yu hai. Ni Bibi Mwanabaraka wa Mlingotini, ambaye kila siku husuka na kuuza mikeka mbele ya lango letu, huku watalii wakimpiga picha bure. Kisheria, huo ni ushindani usio halali dhidi ya kadi.

Nikampelekea notisi: alipie leseni ya kutumia sura yetu, ama ajifunike, ama aondoke langoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nikiondoka hapa nitakula nini? Mikeka ndiyo inayonilisha."

"Sheria haina chuki na mtu, bibi. Uso ni mali yetu."

"Mji huu ulishawahi kuwa na watu wenye hati za watu," akasema, mikono ikiendelea kusuka. "Nilidhani daftari lile lilishafungwa."

Nikakohoa. Hoja hiyo haimo kwenye kanuni za Makumbusho.

Akaomba hizo kanuni azisome. Nilifurahi sana, maana nimeziandika mwenyewe na hakuna aliyewahi kuziulizia. Jumatatu akarudi na furushi la ukili, kanuni zimepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu, akaingia moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi, Bwana Abdulswamad.

"Kanuni ya kumi na nne," akasema. "Mali ya Makumbusho isipigwe jua, isiingiwe na vumbi, ikae penye nyuzi joto ishirini na mbili. Mmeniacha juani miaka yote hii. Nimekunjamana mnaniona."

"Mwanasheria, umeniingiza mkenge," Mkurugenzi akaninong'oneza.

Nikapima vyumba vyote. Chenye nyuzi joto ishirini na mbili kilikuwa kimoja tu, chenye kiyoyozi, nacho ni hicho tulichosimama ndani yake. Tena kanuni ya kumi na tano inakataza kula, kuvuta sigara na kupiga simu karibu na mali iliyosajiliwa. Mkurugenzi huyafanya yote matatu kabla ya saa nne asubuhi. Ikabidi tumtoe. Tulimpa benchi la nje, upande wa jua.

Bibi akatandika ukili wake juu ya zulia, na wateja wakawa wanamfuata humo humo kwa foleni. Baadhi yao walivua viatu.

Siku ya tatu Mkurugenzi akaingia, jasho linamchuruzika. "Bibi, yaishe. Uso wako tunakurudishia. Mwanasheria, andika barua nisaini."

"Ahsante, baba," akasema Bibi Mwanabaraka. "Andika kwamba uso ni wangu, haujawahi kuwa wenu. Na tarehe uweke ile ya picha. Halafu tukae kitako tuzungumzie kadi zote mlizouza."

Mkurugenzi, aliyekuwa ameshafungua kalamu ya kusaini, akaifunika. Akaniuliza kama benchi la nje linaweza kupatiwa mto.