Sinia Juu ya Mkataba

Mahakama yetu inatangaza kwa furaha kwamba tangu Jumatatu mikataba ya pango isiyosajiliwa haionekani tena. Haikuchomwa wala haikuibwa. Hakimu ametoa waraka tu: karatasi isiyo na muhuri wa masjala si ushahidi, na jicho la mahakama lisiiangukie hata kwa bahati mbaya. Ikiletwa, ifunikwe.

Ifunikwe na nini, waraka haukusema. Karani aliangaza macho chumba kizima, akaliona sinia langu la chai. Basi mimi, mpika chai, nikapanda cheo: Msimamizi wa Kutoonekana kwa Vielelezo. Vikombe nilivihamishia dirishani.

Wa kwanza kunufaika na utaratibu huu alikuwa Mama Pacha, fundi cherehani. Mwenye nyumba wake tunamwita Bwana Kufuli, kwa sababu hatembei bila kufuli kiunoni, na alitaka Mama Pacha atoke chumbani kabla ya Ijumaa. Mama Pacha alikuwa na mkataba wa miaka mitano, mitatu bado haijaisha, wenye sahihi zao wote wawili. Siku ya kuuandika alitaka kwenda kuusajili, Bwana Kufuli akamwambia ya nini kusumbuka, wao si ni ndugu.

Aliuweka mezani. Nikaufunika.

"Mama," hakimu aliuliza kwa upole, "una ushahidi gani kwamba ulipangishwa?"

"Huo hapo, mheshimiwa. Chini ya sinia."

"Chini ya sinia hakuna kitu."

"Mbona limeinama upande?"

Hakimu alilitazama sinia, akakumbuka waraka, akatazama dari. Karani aliandika kwamba sinia limeinama kwa sababu zake binafsi. Mama Pacha alieleza kwamba wateja wote wanamjua pale, na kwamba akitoka na cherehani yake hana pa kuiweka ila barazani kwa dada yake, mvua ikinyesha inalowa. Hakimu alimpa pole rasmi, akasema hukumu itasomwa baada ya chai.

Wakati wa chai Bwana Kufuli alikunywa vikombe viwili na kuisifia sana sheria. Kikombe cha tatu alikishika bila kukinywa. Alitazama madirisha, mlango, kisha dari lile lile alilotazama hakimu. Akasimama.

"Mheshimiwa, kwa kuwa sheria ni msumeno, na nyumba hii ya mahakama pia ni yangu, naomba nayo mwihame Ijumaa. Nimepata mtu wa kuuza magodoro."

Hakimu alicheka. Alimtuma karani kabatini akalete mkataba wa mahakama, wa miaka kumi, wenye sahihi nzuri. Aliufungua ukurasa wa mwisho, akaugeuza, akaugeuza tena. Muhuri wa masjala haukuwepo. Ulikuwa ukisubiri kupelekwa tangu mwaka juzi.

Nikaufunika.

"Ondoa sinia," hakimu alininong'oneza.

"Waraka, mheshimiwa," nilijibu kwa sauti ndogo.

Mama Pacha ndiye aliyemwonea huruma.

"Mheshimiwa, ningekukaribisha kwangu. Meza yako ingeenea vizuri tu kando ya cherehani. Ila chumba hicho, nasikia, sina."

Waraka wa pili ulitoka kabla chai haijapoa. Ulisema kwamba mkataba usiosajiliwa hauwezi kumfunga mtu wa nje, lakini waliotia sahihi unawafunga barabara, na mahakama inaweza kuutazama kwa macho yote mawili ili ijue walikubaliana nini. Mama Pacha alibakia chumbani mwake, mahakama ikabakia mwake, na Bwana Kufuli akaondoka na kufuli lake. Mimi nilirudishwa kwenye chai.

Siku iliyofuata hakimu alikwenda mwenyewe masjala kusajili mkataba wa mahakama, mimi nikimbebea faili. Foleni ilitoka mlangoni ikapinda kona. Mbele yetu alisimama Mama Pacha na mkataba wake kwapani. Hakimu alikohoa, akamwomba ampishe kidogo, yeye ni mtu wa serikali na ana haraka.

Mama Pacha aligeuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaniuliza mimi:

"Mwanangu, nani anaongea? Mbona sioni mtu?"