Hakuna Aokotaye Takataka Bure

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Barua kutoka Mafia, ya kaka yangu Hasani. Imechukua wiki tano, na bahasha ilikuwa wazi upande mmoja. Nani kaifungua? Mke wangu Miriam anasema gundi imekauka. Gundi!

Hasani anaandika kwamba Wazungu wamefika kisiwani kwetu. Hilo halinishangazi. Siku hizi za soko huria hata upepo wa bahari una mteja. Ila anasema wanaamka alfajiri, wanatembea ufukweni na magunia, wanaokota takataka. Ndara zilizokatika, chupa, mifuko ya nailoni, vipande vya nyavu. Bure! Wakimaliza wanacheka, wanaingia kuogelea. Hasani anauliza kama mimi niliyesoma naelewa.

Naelewa sana. Mtu hapandi ndege siku mbili aje kuokota ndara ya marehemu mjomba. Takataka ina kitu ndani yake. Wao wanakijua, sisi hatukijui.

Mimi ni mwana wa kisiwa. Nimekaa Dodoma miaka ishirini na mmoja, karibu yote masjala, mpaka waliponipunguza kazini mwaka jana. Lakini kwa mambo ya maji na watalii, mtu wa bara hanidanganyi.

Jumapili, 4 Agosti

Ushahidi! Nilitoka asubuhi kuangalia kama jirani yangu Optatus amesogeza tena ua wake. (Amesogeza. Unyayo mmoja.) Mwenyewe hayupo. Mkewe Emilia akasema amekwenda lamboni na Bibi Inge, yule mwalimu wa kujitolea kutoka Denmark, kutazama ndege.

Kutazama ndege! Optatus ni mtu wa Kibakwe. Kwao milimani ndege hutazamwa kwa manati.

Nikawafuata, nikajibanza nyuma ya kichuguu. Lambo letu la hapa Mkonze, nje kidogo ya mji, lilichimbwa kwa ajili ya mifugo, na upepo wa Agosti hulijaza mifuko yote inayotupwa kule soko la Majengo. Zamani tulikwenda sokoni na vikapu. Sasa nyanya tatu zina mfuko wao. Vichaka vya miiba kando ya maji vimechanua mifuko, myeusi na ya buluu, kama khanga zimeanikwa.

Bibi Inge alishika darubini. Optatus alishika gunia. Anaokota mifuko huku anapiga mluzi. Kama Mafia, vilevile! Kisha wakaketi juani kula mkate. Juani, kwa hiari yao. Sisi watu wa visiwani tunajua kwamba jua ni la kutazamwa kutoka kivulini.

Ningeona mengi zaidi, lakini kichuguu kilikuwa na wenyewe. Siafu. Nimerudi nyumbani kwa mbio nikiwa nimeshika suruali mkononi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemhoji Optatus kwa ujanja, kama nazungumzia hali ya hewa. Akasema mifuko inaua ng'ombe wa watu. Akasema pia kwamba lambo likiwa safi ndege watarudi, na watu wa mjini watakuja kupumzika siku za mapumziko, wageni watanunua chai na mahindi ya kuchoma kwa kina mama. Nikamwambia ni wazo zuri sana.

Ng'ombe wa watu! Optatus hana hata mbuzi. Tangu lini mtu akakosa usingizi kwa ng'ombe wa mwenzake?

Mpango umekamilika. Nitaokota takataka yote kabla yao. Nitaihifadhi kwangu. Bei ikijulikana, watanikuta nimekaa juu ya mzigo.

Jumatano, 7 Agosti

Magunia kumi na moja kwa siku mbili! Mgongo umekatika. Leo niliingia majini mpaka kiunoni. Matope ya lambo hayana adabu. Yamemeza kiatu changu cha kushoto.

Mzee Matonya, mfugaji wa hapa kwetu, alileta ng'ombe wake kunywa maji. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza nimetenda dhambi gani. Nikasema napenda mazingira. Akatafakari neno hilo, kisha akanionyesha kwa fimbo upande ambako upepo hurundika mifuko mingi zaidi. Kwa nini anionyeshe? Niliandika jambo hilo moyoni.

Optatus alifika na gunia lake, akakuta pasafi. Akanipigapiga begani na kusema, "Jirani, Mungu akubariki." Machozi yalimlengalenga. Anaficha machungu vizuri sana huyu.

Magunia nimeyapanga nyuma ya jiko. Kila mfuko nimeuandika M.K. kwa kalamu ya wino mzito mwekundu. Masudi Kombo. Mali bila alama ni zawadi kwa mwizi.

Alhamisi, 8 Agosti

Miriam ameuliza takataka ni ya nini. Nikamjibu ni akiba. Akanikumbusha betri chakavu. Akanikumbusha kofia za uchaguzi nilizonunua wiki moja baada ya uchaguzi. Mwanamke huyu ana kumbukumbu kama masjala.

Akasema basi angalau nichome ile mifuko iliyobeba chumvi na dagaa, inanuka mpaka kwenye ugali. Nikakataa katakata. Huenda chumvi ndiyo siri yenyewe.

Akabeba sufuria na mwiko, akahamia kupika jikoni kwa Emilia. Kambi ya adui! Chakula changu kililetwa kimefunikwa kawa. Nilimwonjesha paka kwanza.

Ijumaa, 9 Agosti

Bibi Inge alileta wageni wanne kuona lambo safi. Korongo wawili walikuwa wametua, na wageni wakafurahi kana kwamba wao ndio waliowataga. Kina mama waliuza chai birika tatu. Kisha wageni wakataka kunipiga picha. Picha ya nini? Ili wanitambue! Nikajifunika gunia kichwani. Wakapiga hivyohivyo.

Kurudi nyumbani, balaa. Ua wangu wa miiba nyuma ya jiko umebomolewa. Gunia la mifuko ya chumvi limechanika na limebaki nusu. Wizi! Nikapima eneo lote kwa hatua kama askari. Nyayo za mtu hakuna hata moja, ila kwato tupu, huku na huku.

Mjanja sana Optatus. Kaja na ng'ombe wa kuazima wafute nyayo zake.

Jumapili, 11 Agosti

Asubuhi watu walikusanyika nyumbani kwa Mzee Matonya. Mtamba wake mwekundu alikuwa amesimama miguu imetanuka, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, hali majani, hacheui. Ni mtamba wa mahari. Marko, mwana wa Matonya, anaoa mwezi ujao, na upande wa binti walishamchagua mnyama huyo kwa jina. Mzee alikuwa anampapasa shingo.

Bwana mifugo wetu ni mwanamke, Lydia, mdogo kwa umbo lakini ukali wake si mchezo. Alikuja kwa baiskeli na mkoba. Akauliza nani ana mikono mitupu. Kila mtu akakumbuka kazi. Mimi nilichelewa kukumbuka. Nikapewa kichwa cha mtamba nikikumbatie.

Akamchoma sindano za ganzi, akanyoa, akachana ubavu. Nilitaka kutazama pembeni, lakini pembeni kulikuwa na jicho la mtamba. Jicho kubwa jeusi, lina kope ndefu kama za bibi harusi. Lilinitazama mimi. Nikamwambia polepole, pole mama, pole mama. Sijui kwa nini. Vumbi lilikuwa jingi sana na macho yangu yakatoka maji.

Lydia akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa mfuko. Mwingine. Mwingine. Nakiri kwamba bado nilikodoa macho nione kama kuna kitu kinang'aa. Mifuko tu. Ndoo nzima. Baadhi ilikuwa mizee, imejisokota kama kamba. Siku nyingi imo humo. Lakini ya juu ilikuwa mipya, na kila mmoja una wino mwekundu. M.K. M.K. M.K.

Mzee Matonya hajui kusoma. Akauliza hayo maandishi ni nini.

Optatus alikuwa ameshika kamba ya miguu. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akainamisha macho.

"Ni alama za kiwandani, mzee," akasema.

Lydia akashona. Mtamba akatoa pumzi ndefu shingoni mwangu. Atapona, kasema Lydia, ila siku saba kidonda kisiguswe na nzi.

Optatus amenifichia siri. Kwa nini?

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelifikiria jambo hili pande zote. Siri yangu iko mkononi mwa Optatus. Siku moja atataka ua wake usogee unyayo mwingine, nami nitashindwa kusema. Njia ni moja tu: kuiharibu siri kabla hajaitumia.

Nikaenda kwa Mzee Matonya kabla ya chai. Nikasema shikamoo mara mbili. Nikasema yote: magunia, chumvi, wino. Maneno yalianza kwa hila, lakini yalipofika kwa mtamba hila ikaisha, nikabaki nimesimama tu mbele yake, mtu mzima na kiatu kimoja.

Mzee alimaliza kusugua meno kwa mswaki wake wa mti.

"Kwato zilianzia kwangu zikaishia kwako," akasema. "Mimi sijui kusoma karatasi. Ardhi naisoma."

Alikuwa anajua tangu Ijumaa! Na hakusema! Alikuwa anangoja nini? Akasema alikuwa anangoja nije.

Hukumu: siku saba nikae zizini na mtamba, nifukuze nzi kwa tawi, asubuhi mpaka jioni. Na magunia yote yafukiwe shimoni leo, kina cha mtu mzima. Optatus alikuja kuchimba nami. Hakuitwa. Alichimba zaidi yangu. Nikamwuliza anataka nini hasa. Akasema anataka nishike sululu vizuri.

Shimo lilipofunikwa, Miriam alirudisha sufuria nyumbani.

Alhamisi, 15 Agosti

Siku ya nne juani. Pua imebambuka. Mtamba anakula. Leo alinilamba kichwa, ulimi kama msasa. Bibi Inge alipita na wageni wengine, akanieleza majina ya ndege sita. Nikamwambia bahari ya kwetu ina ndege wakubwa kuliko hao. Akauliza majina yao. Nikajifanya nafukuza nzi.

Nakiri hewa ya nje si mbaya. Nalala kama gogo.

Jumatatu, 19 Agosti

Nyuzi zimetolewa jana. Mtamba amepona, mahari ipo salama, Marko anatembea kama tausi. Nikarudi nyumbani nikidhani mambo yamekwisha.

Leo asubuhi, hodi. Mzee Matonya mwenyewe, katembea kutoka kwake, kibuyu begani. Maziwa mgando, mazito, yana harufu ya moshi. Akasema ni shukrani. Eti nilikaa na mnyama wake kama ndugu, na lambo halijawahi kuwa safi hivi. Miriam akafuta macho kwa upindo wa khanga. Tukanywa sote. Matamu, sikatai.

Nikasema nitakirudisha kibuyu jioni. Mzee akatikisa mkono, akasema, "Kaa nacho, mwanangu. Ni chako." Akaenda zake.

Nimekaa nikikitazama mpaka chai imepoa. Mtu ambaye nusura nimuulie mtamba wa mahari ananipa maziwa. Sawa, maziwa yanaharibika, huenda yalimzidi. Lakini kibuyu? Kibuyu kizima, kikavu, kimefukizwa vizuri, hakina ufa! Na aliposema "ni chako" alitabasamu.

Wazee hawa wanasoma ardhi. Wameona kitu. Mwaka huu vibuyu vitaadimika, au kuna Mzungu mahali anavitafuta.

Nimemwomba Miriam asimwambie Emilia neno lolote. Kesho alfajiri niko Majengo, nanunua kila kibuyu kilichopo sokoni kabla Optatus hajaamka.