Suti ya Dokta Majani

Siku Dokta Majani alipomwona mwenye duka la mikate akibana pumzi ili gauni lifunge, alijua riziki imebisha hodi. Walikuwa katika chumba cha ushonaji cha mdogo wake wa kike, ambako Dokta alikuwa akila na kulala bure. Udokta alijipa mwenyewe, maana hakuna aliyejitokeza kumpa.

"Mama," akasema, "huo si unene. Hayo ni mafuta yaliyokosa mtu wa kuyaelimisha."

Akachomoa kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungiwa karanga. Gazeti lilisema wataalamu wamegundua kemikali za mimea ambazo huenda zikapunguza unene. Neno "huenda" halikumpendeza, akaliruka.

Dawa yake ilikuwa majani ya ua wa jirani, yaliyoanikwa juu ya bati na kusagwa. Sharti ni moja: mteja aache gauni kwa fundi kama kipimo, na kila wiki aje kulijaribu. Na kila wiki fundi, aliyeahidiwa cherehani ya umeme, alifumua mishono na kulipanua kidogo. Wanawake walizunguka mbele ya kioo wakicheka kwa furaha, kisha wakanunua tena.

Lakini kitambaa nacho kina mwisho wake. Mishono ikaisha, na cherehani ya umeme haikuonekana. Kilichoonekana ni suti mpya ya Dokta.

"Subira huvuta heri, mdogo wangu."

"Heri gani, kaka? Wakigundua, jina litakalooza ni langu. Nani ataniletea tena kitambaa?"

Dokta akatazama pembeni. Begi lake alikuwa ameshalifunga.

Basi fundi akaenda duka la mikate, akaungama yote. Mama Mikate alimsikiliza huku akiukanda unga kwa ngumi ambazo unga ule haukuzihitaji.

"Pesa zetu zirudi, mwanangu. La sivyo utawashonea panya. Huyo kaka yako anajipenda?"

"Kuliko kitu chochote, mama."

"Basi tumemshika."

Siku ya pili yake suruali ya Dokta ilibana. Baadaye vifungo vya koti vikagoma, kwa sababu fundi alikuwa akiipunguza suti kila mwenyewe akienda kuoga. "Kaka, umenawiri!" akamwambia. Wateja, ambao wote walikuwa wameshapata habari, wakawa wanamsalimu macho yakiwa tumboni kwake. Dokta akaingiwa na hofu ya kweli. Muuza dawa ya unene mwenye kitambi, huko aendako nani atamsikiliza?

Mama Mikate akamvuta kando, akamwonjesha kijiko kimoja kutoka chupa ya kahawia. "Hii ya maabara, baba. Ina ile kemikali yenyewe ya kwenye gazeti."

Asubuhi suruali ilifunga bila ugomvi. Dokta akakimbia dukani.

"Niuzie chupa nzima!"

"Haiuzwi. Nimemwekea binti yangu."

"Mama, nakuomba. Taja bei."

"Aa, wewe hutaiweza."

Dokta alikuwa mtu wa kuvumilia matusi ya kila aina, ila si kuambiwa hawezi. Akamwaga mezani faida yake yote. Mama Mikate akaipokea kwa uso wa msiba, na kabla jua halijazama kila mwanamke alikuwa amerudishiwa chake. Fundi alisamehewa, kwa sharti la kuyashona upya yale magauni bila malipo. Na chupani? Mlikuwa na majani ya Dokta mwenyewe, yaliyochemshwa na kutiwa chumvi.

Dokta alikunywa hadi tone la mwisho, na suti ikamkaa sawasawa. Akamwendea mdogo wake cherehanini, akainama sikioni kwake kwa aibu.

"Nikwambie ukweli? Yale niliyokuwa nikiuza mimi yalikuwa majani tu. Hii sasa ndiyo dawa. Hebu niazime pesa kidogo, nikanunue chupa nyingine."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akainamia kitambaa, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.